Safu Tisa za Kigango

Mimi ni mchora mabango. Ukipita Garsen ukaona hoteli iliyochorwa kuku mwenye tumbo la mbuzi, usinilaumu, huyo si wangu. Wangu ni yule ng'ombe wa bucha ya karibu na stendi, ambaye watu huapa kwamba anawafuata kwa macho. Jina langu ni Kanze. Nina ulimi mkali na mkono mtulivu, na mama yangu, Dama, humwomba Mungu kila siku avibadilishe: mkono uwe mkali kwenye jembe na ulimi utulie.

Ramani ya mafuriko iliyoko ukutani mwa kinu cha posho pale Garsen niliichora mimi. Kosa lililokuwa ndani yake ni langu pia, ingawa si langu peke yangu, na nimechoka kusikia likisimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Kazi ililetwa na Zakaria, kijana wa Kiorma aliyesomea mambo ya maji chuo kikuu, akarudi na kompyuta, picha za setilaiti na fimbo ndefu yenye namba. Mto Tana, alisema, haufuati tena majira yake. Miaka miwili mitatu ng'ombe wanakufa kwa kiu, kisha mwaka mmoja mto unakuja wote kwa pamoja, unapita njia ambazo watu walishazisahau na kulima ndani yake. Alitaka ramani kubwa ya rangi mahali watu wanapopanga foleni ya kusaga, ili hata asiyejua kusoma ajue maji yatapita wapi na yeye akimbilie wapi. Bluu ni maji. Duara la kijani ni mahali pa kukimbilia.

Shida ilikuwa moja. Nchi yetu ni tambarare kama sinia, na zile picha za kutoka juu zinaweza kukosea mita nzima. "Mita moja huku, dada Kanze, ndiyo tofauti ya kulowa viatu na kuzikwa," aliniambia. Kwa hiyo alizunguka vijijini, Hewani, Ndera, kote, akitafuta alama zilizoachwa na El Niño ya mwaka wa tisini na saba: mstari wa tope ukutani, doa kwenye shina la mti. Akiipata alama anaipima, anaiingiza kwenye kompyuta, na ramani inazidi kunyooka.

Nikamwambia, kwa majivuno yote, kwamba nyumbani kwetu Idsowe tunayo alama bora kuliko hizo zote. Ilikuwa kwenye kigango cha babu Mwaro.

Babu alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na mtu wa Gohu akifa, sisi Wagiriama humchongea kigango: bao refu la mti mgumu, kichwa cha mviringo, mwili wote pembetatu zilizochongwa safu juu ya safu. Husimikwa nyumbani, hufungwa vitambaa shingoni, humwagiwa tembo la mnazi kidogo na maji, na hakiguswi ovyo. Haking'olewi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki. Mwaka wa El Niño sisi hatukuwepo. Baba alikuwa ametupeleka mapema kwa wajomba huko Marafa. Tuliporudi, nyumba ya udongo ilikuwa imeyeyuka na kigango kimesimama, kimepigwa mstari mwilini. Chini ya mstari mti ulikuwa na rangi ya majivu, juu yake rangi yake ya zamani. Hakuna aliyethubutu kuusugua.

Mama alimwomba babu ruhusa, akammwagia maji, Zakaria akasimamisha fimbo yake. Mstari ulikuwa chini ya goti, sentimita thelathini na nne kutoka ardhini. Akapiga picha. "Hapa ni juu," alisema, akitabasamu. "Hata maji mabaya yakija, watu watalowa miguu tu." Nilifurahi hadi nikamnunulia soda, mimi nisiyemnunulia mtu soda.

Wiki iliyofuata alimleta ukutani Qabale, mama mmoja mfugaji wa Kiorma, atuonyeshe njia za ng'ombe. Hizo nilizichora kwa udongo mwekundu uliokorogwa na gundi. Mama yule alizunguka zunguka, akasimama mbele ya duara letu la kijani.

"Hapa si kweli," alisema. "Hapa maji napita."

"Fimbo imepima, mama," nilimjibu.

"Fimbo hakuwa hapo. Mimi nakuwa. Mtoto yangu Barwako iko mgongo yangu, bado mdogo. Maji nafika tumbo ya ng'ombe. Mimi nashika mkia, ng'ombe nanivuta, napita hapa." Kidole chake kilianzia nyumbani kwetu, kikakata shamba la mdogo wangu Katana, kikapanda hadi kwenye mgongo wa mchanga upande wa magharibi. "Malka ya zamani. Chini iko ngumu."

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, na ukilitaja neno hilo mbele ya mkulima wa Tana umemmwagia maji ya moto. Watu wameuana kwa sababu ya malka. Katana alikuwa ameuziba ukanda ule kwa ua wa miiba ya mti wa mathenge, na kila kiangazi kulikuwa na maneno. Basi mimi sikusikia habari ya tumbo la ng'ombe. Nilisikia mwanamke anadai shamba.

"Zakaria," nikasema, na sikushusha sauti, "huyu hazungumzii mafuriko. Anatafuta malka. Ukimchorea leo, kesho atakuja na chifu."

Qabale alinigeukia. "Wewe nachora na tumbo yako," alisema. "Macho umefunga." Akaondoka.

Zakaria alibaki katikati, namba mkono huu, mama wa kwao mkono huu. Mwishowe aliifuata namba, kwa kuwa ilikuwa namba na kwa kuwa mimi nilimsukuma. Ila alishikilia kwamba ile njia nyekundu iwepo. Niliichora. Niliichora nyembamba kama uzi, mtu asimame karibu ndipo aione, na nilipomaliza nilijipongeza.

Masika yakaja na kelele zake. Jumamosi Zakaria alinipigia simu akisema maji yamevuka alama ya hatari kule Garissa, na mabwawa ya juu bado yanafurika. Maji yakipita Garissa huchukua siku nne, tano kutufikia. Msikitini wakatangaza, kanisani wakatangaza: tazameni ramani. Watu wa Idsowe wakaitazama, wakaona duara la kijani kwa Dama. Jumapili jioni Katana alinipigia akicheka. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimehamia kwetu na magodoro na mbuzi. "Dada, ramani yako inaokoa watu," aliniambia. Nililala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimebakiza kitu kimoja. Zakaria alitaka kipimo ambacho mtu angekisoma kwa mwili wake, kwa kuwa si kila mtu anajua mita lakini kila mtu anajua kiuno chake kiko wapi. Tulikubaliana nichore kigango cha babu, kwa ukubwa wake kamili, kando ya mlango wa kinu, na mstari wa maji ya zamani juu yake. Mama alikuwa amechelewesha ruhusa hadi babu aulizwe. Jumatatu alituma ujumbe kwamba babu hajakataa.

Nilianza kuchora bila kutazama popote, maana kwenye kigango kile ndiko nilikojifunzia kuchora. Nilipokuwa na miaka saba nilinakili pembetatu zake kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, zote, safu tisa, kila safu shubiri moja ya mtu mzima, na mama alinichapa fimbo moja kwa kila safu. Mtu hasahau hesabu kama hiyo. Nikachora tisa, nikaweka shingo, nikaweka kichwa, nikapanda juu ya ndoo kukimalizia. Kisha nikafungua picha ya Zakaria kwenye simu nione vitambaa vilifungwa vipi.

Nilihesabu safu. Zilikuwa sita.

Nilifuta kioo cha simu kwa kanga nikahesabu tena. Nyasi hazikuwepo, mama hufagia pale kila asubuhi. Tope halikuwepo. Pembetatu za safu ya chini zilikuwa zimekatwa na ardhi. Nikakumbuka kwamba nimekuwa nikipita pale miaka yote nikiona babu amekuwa mfupi, na nikadhani ni kawaida, vitu vya utotoni hupungua mtu akikua.

Nikampigia Katana. "Kigango kina safu ngapi?"

Nilimsikia akiwafokea mbuzi.

"Katana!"

"Zilikuwa tisa," alisema.

Kisha akanieleza, polepole, kana kwamba alikuwa akisubiri kuulizwa. Miaka sita iliyopita, mama alipokuwa Malindi akipasuliwa jicho, mchwa walikula mguu wa kigango na kikaanguka. Akaogopa wazee. Wangemtoza mbuzi, na mtu akiugua tu kijijini, angelaumiwa yeye. Basi alikata mguu ulioliwa, akachimba shimo fupi, akakisimika tena. Safu tatu zikaingia ardhini. "Nilimmwagia mnazi, nikamwomba msamaha. Alinyamaza, nikajua amekubali."

"Na siku ya fimbo? Ulikuwa umesimama pale pale!"

"Niliona wanapima mti, dada. Sikujua wanatupima sisi."

Nilimtukana. Sitarudia maneno yenyewe. Kisha nikampigia Zakaria, na kwa dakika nzima nilisikia vidole vyake tu kwenye kompyuta. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Maji ya zamani yalifika kiunoni pale, si kwenye muundi, na haya yanayokuja ni makubwa kuliko yale. "Kesho mchana yatakuwa ya kifua. Watoe leo, dada Kanze. Leo."

"Kwa njia gani? Barabara ya chini imejaa."

"Unaijua njia," alisema, akanitumia namba ya Qabale.

Nilisalimia kwa heshima yote niliyonayo, ambayo si nyingi. Nikasema ni Kanze mchoraji, nikasema nilikosa, nikaanza kueleza habari ya mchwa.

"Ua iko?" alinikatiza.

"Upo, mama."

"Kata. Mimi natuma Dukicha na ng'ombe. Ng'ombe najua njia." Akakata simu. Laiti angenitukana, ningeumia kidogo zaidi ya hapo, lakini ningepumua.

Bodaboda ilinifikisha mahali lami ilipoingia majini. Nikapandisha leso, nikavuka, maji mapajani, kila hatua nikipapasa kwa kidole gumba cha mguu kama lami bado ipo. Mtu mzima asiye na mzigo aliweza kupita saa ile. Watoto kumi na wanane na vikongwe wasingeweza, na maji hayakuwa yamemaliza kupanda. Nilikuwa nikiongea peke yangu njia nzima. Nilikuwa nikisema, safu tatu, safu tatu.

Nyumbani nilipokewa kwa vigelegele. Mzee Kiti, jirani yetu, alinipa mkono wake wa kuume akaushika wangu kwa mikono miwili. "Mchoraji wetu," alisema. Sufuria za uji zilikuwa jikoni, magodoro chini ya paa, na katikati ya yote kigango, kimefungwa vitambaa vipya.

"Ramani ni ya uongo," nikasema. "Hapa maji yatafika kifuani. Kesho. Tunaondoka sasa hivi."

Walinitazama. Mtu mmoja alicheka. Mzee Kiti akauliza kama Zakaria ndiye amesema au ni mimi na ulimi wangu, na alama je, alama si iko pale pale, tumeiona wote? Nikamgeukia Katana. Sikutaka kumsemea. Nilimngoja, na naapa kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko barabara.

Katana akasema. Alisema akitazama ardhi, shoka tayari mkononi.

"Umekata mguu wa babu yako?" Mzee Kiti aliuliza. Alikuwa mtu wa Gohu yeye pia. "Umemkata, ukanyamaza, ukatukaribisha juu yake?"

Kukawa na fujo. Wengine walitaka kuondoka, wengine walitaka kwanza mbuzi wa kusafisha kosa, wengine walisema hii ni hila ya wafugaji kufungua malka, na huyu Kanze amelishwa kitu. Nilisikia maneno yangu mwenyewe ya ukutani yakinirudia kinywani mwa jirani. Upande wa chini wa shamba, pale palipokuwa pakavu nilipofika, sasa palimeta maji.

Ndipo mama aliposimama. Macho yake yanaona kivuli na mwanga, si zaidi. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye kigango, akakigusa shingoni.

"Nilijua," alisema.

Katana aliinua uso wake.

"Nilipotoka Malindi nikaja kumfunga kitambaa. Zamani nilikuwa nanyoosha mikono kama mtu anayeanika nguo. Siku hiyo shingo yake ilikuwa hapa, mbele ya mdomo wangu. Nikajua, na nikajua ni nani. Nikasema, nikifungua mdomo wazee watamla mwanangu. Nikafunga." Aligeuza uso upande wa sauti ya Katana. "Mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikakuficha wewe. Mzee Kiti, mbuzi huyo nidai mimi. Utanidai nikiwa pakavu."

Akanipa mkono nimwongoze. Alitangulia yeye, na watu wakamfuata.

Katana alikata ua wake mwenyewe. Miaka minne ya miiba aliipiga kwa nusu saa, damu ikimtoka mikononi, hakuna aliyemsaidia na hakuomba. Upande wa pili Dukicha, mwanawe Qabale, alikuwa akingoja na ng'ombe saba. Hakutusalimia kwa maneno mengi. Aliwageuza, na yule wa mbele, jike kizee lenye pembe moja iliyoinama, akaanza kutembea ndani ya maji kana kwamba anaona. Tulimfuata. Kulia kwetu na kushoto fimbo ya Dukicha ilizama yote, chini ya miguu yetu palikuwa pagumu. Mama alishika mkia wa ng'ombe wa nyuma. Mimi nilihesabu watoto, kumi na wanane, nikahesabu tena, nikapata kumi na saba, nikapiga kelele, nikamwona wa mwisho mabegani kwa Mzee Kiti. Nilihesabu hivyo hadi kwenye mchanga.

Qabale alikuwa huko, na maziwa. Nilitaka kumwambia kitu. Alinipa kikombe akasema, "Kunywa. Baadaye nachora nene."

Maji yalikuja Jumatano kabla ya adhuhuri. Zakaria alipita na mashua siku ya tatu akatuletea picha. Paa la nyumba yetu lilikuwepo. Kigango hakikuwepo. Mwaka wa El Niño kilisimama kwa mguu wake mzima. Safari hii hakikuwa na mguu, na maji yalikichukua kama ukuni. Maji yalipopungua, Katana alikitafuta siku tisa kwenye tope, hadi Hewani. Alirudi na kitambaa kimoja chekundu, ambacho huenda hata si chetu.

Mwezi uliofuata mama aliniambia nimpeleke Garsen. Sikuwa nimeigusa ramani tangu ile siku. Watu kwenye foleni ya posho walitupisha. Nilimwongoza hadi kando ya mlango wa kinu, nikaweka kiganja chake kwenye ukuta, kwenye safu ya chini ya babu. Akaanza kupanda kwa vidole, akihesabu kimyakimya. Alipofika tano alisita. Alipofika sita alisimama kabisa. Kisha akaendelea. Saba. Nane. Tisa. Akanyoosha mikono yote miwili juu, kama mtu anayeanika nguo, hadi ikafika shingoni.

"Huyu hapa," alisema.

Alikaa hivyo mpaka mikono ikachoka. Kisha akajifuta uso kwa leso, akauliza ndoo ya rangi ya bluu iko wapi.

"Iko hapa, mama."

"Basi chora maji," alisema. "Anzia kwetu."